Giza, mbalamwezi na makadirio ya kodi

Kati ya Januari na Machi kila mwaka, mfanyabiashara mdogo anayekwenda ofisi ya Mamlaka ya Mapato, TRA, kufanyiwa makadirio huulizwa swali lilelile: kwa siku unauza shilingi ngapi? Mwenye duka la nguo pale Bagamoyo mjini anaweza kulijibu bila kufikiri sana. Anayeishi kwa samaki hawezi. Hata hivyo hujibu, kwa sababu ameulizwa na mtu wa serikali na nyuma yake kuna foleni, na mara nyingi siku inayomjia kichwani ni ile nzuri. Siku mbaya hatuna mazoea ya kuzitangaza mbele ya wageni.

Wasioijua pwani hii wanahitaji maelezo kidogo. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwaka taa hazivuti kitu, boti hulala ufukweni na wavuvi hushona nyavu. Kusi likikaza, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, vyombo vidogo haviendi mbali, na soko la samaki la Bagamoyo linaweza kupambazukiwa na ndoo chache zinazogombewa na madalali. Ukija Ramadhani, biashara ya samaki wa kukaanga huhamia jioni. Kalenda ya muuza samaki, basi, imefungwa kwenye mwezi na upepo, wakati makadirio ya kodi huhesabu siku zote kuwa sawa.

Tuchukue mfano wa mama anayekaanga vibua na kuviuza barabarani kata ya Dunda. Siku nzuri anauza shilingi 60,000, na hilo ndilo jibu analompa ofisa. Ofisa anazidisha kwa siku 30, kisha kwa miezi 12, anapata shilingi 21,600,000. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2022, mtu binafsi mwenye mauzo ghafi yanayozidi shilingi milioni 11 bila kuvuka milioni 100 hutozwa asilimia 3.5 ya mauzo hayo. Mama huyu anaandikiwa kodi ya shilingi 756,000.

Sasa tuseme mama huyohuyo alikuwa akiandika. Daftari linaonyesha siku 110 za mauzo ya 60,000, siku 70 za mbalamwezi ambazo hazikupita 25,000, na siku 40 za kusi kali alizoambulia 15,000. Siku nyingine hakuuza kabisa: mvua, misiba, mtoto kuumwa, vyombo kutotoka. Jumla ya mwaka ni shilingi 8,950,000. Kwa mauzo kati ya milioni 7 na milioni 11, mwenye kumbukumbu hulipa 90,000 na kuongeza asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 7. Kwake hiyo ni shilingi 148,500, anayoweza kuilipa kwa awamu nne, kila mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, kwa shilingi 37,125 kila awamu. Asiye na kumbukumbu katika kundi hilohilo hulipa 250,000 bila kujali kama aliuza milioni 7 na kidogo au milioni 11 kasoro kidogo. Kundi la chini yake, la mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7, ni vivyo hivyo: asiyeandika hulipa 100,000, anayeandika hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Mwenye mauzo ya 4,600,000, kwa mfano, atalipa 18,000 tu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa inapotea kwa risiti halali ya serikali. Daftari lina thamani kuu pale mambo yanapoharibika. Mwaka mzuri, anayekadiriwa kwa macho anaweza hata kupata nafuu. Mwaka mbaya, mwaka wa mafuriko, wa maradhi, wa watalii kupotea, makadirio ya mwaka mzuri yanabaki palepale na wewe huna cha kuweka mezani zaidi ya malalamiko. Ofisa amesikia malalamiko tangu asubuhi. Karatasi yenye tarehe ameiona kwa wachache. Sheria inaruhusu makadirio yarekebishwe mwaka ukiwa bado unaendelea, lakini ni lazima uonyeshe kilichobadilika.

Daftari lenyewe halina utaalamu. Tarehe, nimenunua kwa kiasi gani, nimeuza kiasi gani, nimetumia nini kwa mafuta, kuni, barafu na bodaboda. Siku usiyouza iandike pia, na sababu yake: "kusi, vyombo havikutoka." Mstari huo mmoja una uzito kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa kuwa ofisa anaweza kuulinganisha na madaftari ya wenzako. Uliyempa mzigo kwa mali kauli mwandike, na siku alipolipa iandike vilevile. Kisha litunze, kwani sheria ya usimamizi wa kodi inataka kumbukumbu zihifadhiwe miaka mitano.

Simu haiwezi kuchukua nafasi ya daftari. Nimewaona wafanyabiashara wanaoamini kwamba taarifa ya miamala inatosha. Wengi wao ndio watunza hazina wa vikoba: Jumamosi moja zinaingia hela za wanachama ishirini, na kwenye taarifa ya simu zinasomeka kama hela nyingine yoyote iliyoingia. Atakayeisoma atajuaje kwamba si mauzo? Fungua lipa namba ya biashara peke yake, na hela za kikoba, za upatu na za shemeji aliyetuma ada ya shule zipite njia nyingine.

Lipo jambo zito zaidi ambalo wachache huambiwa. Kodi hii ya makadirio inatozwa kwenye mauzo, haiangalii faida. Kwa fundi cherehani si tatizo kubwa, maana sehemu nzuri ya anachopokea ni jasho lake. Kwa mchuuzi wa samaki ni mzigo. Fikiria kijana anayenunua ndoo tano kwa shilingi 60,000 kila moja, akazipeleka Soko la Feri, Dar es Salaam, na kuziuza kwa 70,000. Kwa safari 100 mauzo yake ni milioni 35, na asilimia 3.5 yake ni 1,225,000. Tofauti ya bei iliyobaki mkononi ni milioni 5 tu. Akitoa usafiri, barafu na ushuru, tuseme milioni 2, amebaki na milioni 3. Kodi imemla zaidi ya theluthi ya alichopata. Naona huu ni upungufu wa sheria unaostahili kufika mbele ya Bunge, na Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi iliyozinduliwa Oktoba 2024 chini ya Balozi Ombeni Sefue ilikuwa mahali sahihi pa kupeleka hoja ya namna hii.

Hata kabla Bunge halijabadili kitu, kijana huyo ana mlango. Sheria ya Kodi ya Mapato inamruhusu mtu binafsi kuchagua kutoka kwenye mfumo wa makadirio ya mauzo na kutozwa kwa faida. Kwa mkazi, mapato ya mwaka yasiyozidi shilingi 3,240,000 hayatozwi kodi, na kinachozidi hapo hadi 6,240,000 hutozwa asilimia 8. Faida yake ya milioni 3 haitozwi kitu. Lakini mlango huo una kizingiti: hesabu lazima ziandaliwe vizuri, pengine na mhasibu wa kulipwa, na kila gharama iwe na ushahidi. Mvuvi ufukweni hana mashine ya risiti, EFD. Muombe basi hati ya mkono yenye jina lake, namba ya chombo, idadi ya ndoo, bei na sahihi, na kabla hujachagua njia hii ukubaliane na ofisa wako ni hati zipi zitapokelewa.

Ndiyo maana lile swali la madukani, "unataka bei ya risiti au bila risiti?", lina gharama kwa anayenunua ili auze. Unapookoa elfu chache kwenye dumu la mafuta ya kula, umeifuta gharama hiyo kwenye hesabu zako. Kwa TRA dumu hilo hukulinunua. Na wewe mwenye mauzo yanayofikisha kiwango cha kutumia mashine, hoteli inayokununulia pweza itakuhama siku mhasibu wake atakapoambiwa kwamba matumizi yasiyo na risiti hayakubaliki. Ukweli wa kipimo nao huenda pamoja na ukweli wa risiti. Ndoo inayofurika hadi kichuguu inaandikwa ndoo moja, na mnunuzi mkubwa ameondoka na robo ya ziada isiyo na bei. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, na mizani ya biashara lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo. Kwetu pwani, mtoto aliyepita madrasa ameisoma Suratul Mutaffifin na anajua imeshuka juu ya wapunjao vipimo, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hakuambiwa.

Najua hofu ya mtoza ushuru ni ya zamani hapa. Karne ya 19 Sultani wa Zanzibar alikodisha forodha za mrima, na kwa miaka mingi mkodishaji alikuwa kampuni ya Jairam Sewji: alimlipa Sultani kiasi maalumu kwa mwaka, kilichozidi kikawa chake. Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilipochukua forodha hizo, pwani ililipuka, na Abushiri bin Salim aliyeongoza vita hivyo alinyongwa Pangani Desemba 1889. Jengo la forodha la Wajerumani bado liko ufukweni, hatua chache kutoka soko la samaki. Tofauti ya leo ni kwamba mtozaji haruhusiwi kubaki na kitu, mradi wewe usimpe mkononi. Kodi ya TRA na ushuru wa halmashauri ni vitu viwili tofauti, na vyote hulipwa kwa namba ya malipo, benki au kwa simu, au kwa mashine inayotoa risiti papo hapo. Anayekwambia "nipe nusu, tumalizane" anakuacha na deni zima, na mwakani atakuja mwingine.

Migomo ya Kariakoo ya Mei 2023 na Juni 2024 ilionyesha kwamba wafanyabiashara wakikaa pamoja husikilizwa. Wachuuzi wa Bagamoyo, Mlingotini na Mbweni hawana haja ya kufunga soko. Kikundi chenye madaftari ya wanachama thelathini, yote yakionyesha Julai ileile mbovu, kinaweza kumwomba meneja wa TRA wa wilaya azingatie siku za kuvua katika makadirio ya watu wa samaki. Ombi hilo lipelekwe Novemba au Desemba, kabla foleni haijaanza.

Na ukishapewa makadirio usiyokubaliana nayo, usiyaweke mfukoni ukasubiri. Una siku 30 tangu ulipoyapokea kuweka pingamizi kwa maandishi, ukilipa kiasi usichobishia au theluthi ya kodi iliyokadiriwa, chochote kilicho kikubwa, na kama huna uwezo huo unaweza kuomba kupunguziwa kwa kueleza sababu. Ukikataliwa, ipo Bodi ya Rufani za Kodi. Kwa malalamiko ya namna ulivyohudumiwa, ipo Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi, TOST. Kama tatizo ni fedha tu, na kodi yenyewe unaikubali, andika barua ya kuomba muda au mpango wa kulipa kidogo kidogo kabla tarehe ya awamu haijapita, maana riba huanza kuhesabiwa siku inayofuata. Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa, nakala ibaki kwako.