Padi ya PS2 bila waya: jaribu kwanza, lipa baadaye

Uko na padi ya PlayStation 2 kule nyumbani Ukunda au Msambweni, bado nzima, na unataka kuitumia kwenye konsoli mpya bila waya? Inawezekana. Lakini hebu tuelewane kabla hujatuma pesa.

Plagi ya padi hiyo haiingii kwenye USB. Unahitaji adapta: padi inachomekwa hapo, nayo inawasiliana na konsoli kwa Bluetooth. Padi ya waya ilipata umeme kutoka kwa PS2 yenyewe, kwa hivyo adapta lazima iwe na betri yake. Tena adapta ya Switch huenda isifanye kazi kwenye PS4. Hata padi ya PS4 haichezi gemu za PS5.

Tunakushauri hivi:

1. Mtumie muuzaji picha ya plagi na jina kamili la konsoli yako.
2. Jaribu kila kitufe ukiwa dukani.
3. Ukilipa kwa Lipa na M-PESA, soma jina la duka kabla ya kuthibitisha malipo.
4. Hifadhi ujumbe wa malipo.

Muuzaji wa mtandaoni akikazana utume pesa zote kwanza kwa nambari yake binafsi, achana naye.

Ukikosea nambari, sambaza ujumbe wa M-PESA kwa 456 mara moja. Lakini huduma hiyo ni ya aliyekosea nambari, si ya aliyenunua adapta isiyofaa. Hiyo ni juu yako na muuzaji.