Zebaki: Mgodini na Dukani

Huko Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasia chembe za dhahabu. Metali hiyo hiyo hutiwa katika baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi. Siku hizi programu za video, kama TikTok iliyofungua duka lake nchini Indonesia mwaka 2021, huunganisha burudani na biashara: mtazamaji huvutiwa, hubonyeza, hununua. Lakini video haionyeshi kemikali iliyomo. Zebaki huizuia ngozi kutengeneza melanini, yaani rangi yake ya asili. Ikipenya mwilini hudhuru figo. Mkataba wa Minamata, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 2020, hupambana na zebaki migodini na katika vipodozi. Basi, kipodozi kisichotaja viambato vyake kisinunuliwe.