Njiwa wa Mbio Ndefu Hulelewa Angali Kinda

Tarehe 18 Oktoba, 1943, askari wa Uingereza waliokuwa vitani nchini Italia walikiteka kijiji cha Calvi Vecchia mapema kuliko ilivyotazamiwa. Kumbe walikuwa wamekwisha kuomba ndege za Marekani zije kukipiga mabomu kijiji hicho hicho! Simu za upepo hazikushika. Ndipo alipoachiliwa njiwa mmoja, jina lake G.I. Joe, amefungwa barua mguuni. Aliruka kilomita 32 hivi kwa muda wa dakika 20, akafika kiwanjani wakati marubani wakijiandaa kuondoka. Askari wasiopungua 100 waliokoka, na mwaka 1946 njiwa huyo akatunukiwa nishani ya Dickin mjini London.

Linalostaajabisha zaidi ni umri wake. Aliangulwa mjini Algiers mwezi Machi wa mwaka ule ule. Siku ile alikuwa hajatimiza hata miezi 7. Je, ndugu msomaji, kinda wa juzi alipata wapi ujuzi huo?

Jibu la swali hili wanalo wafugaji wa Ubelgiji, nchi ambayo mashindano ya njiwa yamepangwa rasmi tangu karne ya 19. Kila mwaka mwezi Julai, njiwa wao pamoja na wa nchi jirani huachiliwa Barcelona, nchini Hispania, na wengi wao hulazimika kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 kurudi makwao. Mwaka 2020 njiwa jike wa Ubelgiji aitwaye New Kim, mwenye umri wa miaka 2, aliuzwa mnadani kwa yuro milioni 1.6.

Hata hivyo, fedha peke yake haileti ushindi. Ukimnunua njiwa aliyekomaa na kumwachilia, ataruka moja kwa moja kwenda kwa bwana wake wa kwanza. Hiyo ndiyo sababu mafunzo hayana budi kuanza na makinda. Samaki mkunje angali mbichi.

Kinda anapofikia siku saba hivi, huvishwa pete mguuni. Vidole vikikwisha kukua, pete hiyo haivuki tena. Nayo humtambulisha maisha yake yote. Apatapo siku 25 hivi hutenganishwa na wazazi wake na kutiwa katika banda la vijana. Kwa siku kadhaa huwekwa ndani ya tundu la waya juu ya paa, ili atazame huku na huko na kuyazoea mazingira ya nyumbani.

Mara ya kwanza makinda hufunguliwa wakiwa na njaa. Mfugaji hupiga mbinja, hutikisa kopo la nafaka, nao huingia bandani. Sauti hiyo haibadilishwi, wala chakula hakitolewi kabla hawajaingia. Baada ya wiki kadhaa kundi zima huanza kupotea machoni kwa nusu saa, pengine saa nzima, kisha hurejea. Hiyo ni dalili kwamba wako tayari kwa safari.

Kabla ya safari hiyo hulazwa usiku mmoja ndani ya kapu pale pale nyumbani, wajifunze kunywa maji humo. Asiyejua kunywa akiwa kapuni ataanza mashindano na kiu. Kisha hupelekwa kilomita 5, halafu 10, 20, 40 na 80, kwa kufuata upande zitakakotokea mbio zenyewe. Kila hatua hurudiwa hadi warudi bila kusitasita. Huachiliwa siku ya anga safi, kamwe si siku ya ukungu. Mwanzoni huruka pamoja. Baadaye huachiliwa wachache wachache, ili kila mmoja ajifunze kuamua njia mwenyewe. Wataalamu wamegundua kwamba njiwa huongozwa na jua, nguvu ya sumaku ya dunia na hata harufu zichukuliwazo na upepo.

Kwa kuwa mabanda hayako umbali mmoja kutoka mahali pa kuachilia, mshindi hapatikani kwa kutazama nani ametangulia kufika. Huhesabiwa mita alizoruka kila njiwa kwa dakika moja. Njiwa aliyeruka kilomita 300 kwa dakika 250 amepata mita 1,200 kwa dakika. Akikaa juu ya paa dakika 5 kabla ya kuingia, hushuka hadi mita 1,176 hivi. Hapo ndipo faida ya mbinja ile ya utotoni inapoonekana.

Adui wa vijana hawa ni wengi: mwewe, nyaya za umeme, dhoruba za ghafla. Lakini adui aliye karibu zaidi ni haraka ya mwenyewe. Mfugaji akiona kinda wake amerudi vyema kutoka kilomita 80, hushawishika kumpeleka mamia ya kilomita kabla ya wakati wake. Mchana kutwa hukaa akitazama juu, jua likazama, na mahali pa njiwa yule pakabaki patupu. Wafugaji wenye busara huwapa vijana wao mbio fupi mwaka wa kwanza, huwaongezea mwaka wa pili, na safari kama ya Barcelona huwangoja hadi wakomae.

Mbinu hizi si ngeni kwa askari aliyepita chuoni, wala kwa mama alezaye watoto. Njiwa harudi kwa kuogopa kiboko, kwa maana angani hakuna wa kumchapa. Hurudi kwa sababu tangu utotoni ameona kwamba nyumbani kuna chakula, usalama na mtu asiyebadilika. Mfugaji asiyejenga hayo mapema asimlaumu njiwa asiporudi.