Kompyuta ya zamani, skrini mpya: Kwa nini kioo hubaki cheusi

KATIKA vibanda vya stesheneri vilivyopangana kando ya Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala Rangi Tatu, na vingine vya aina hiyo huko Tandika, Tandale na Tegeta, kompyuta moja ya mezani hubeba kazi za mtaa mzima. Hapo huchapwa barua za kuomba kazi, mikataba ya kupanga nyumba, mitihani ya majaribio ya shule za msingi na ratiba za mazishi. Hapo pia hupigwa na kuchapishwa picha za pasipoti. Kompyuta hiyo ikizimika, biashara imelala.

Ndiyo maana siku ambayo skrini ya zamani, ile yenye chogo, inakufa huwa ni siku ya hekaheka. Mwenye kibanda hupanda daladala hadi Kariakoo, hununua skrini bapa na kurudi nayo ikiwa ndani ya boksi. Anapotaka kuiunganisha, hugundua moja kati ya mambo mawili: ama waya wa kompyuta yake hauna pa kuingia nyuma ya skrini hiyo, ama unaingia vizuri lakini kioo kinabaki cheusi. Kinachofuata mara nyingi ni hasara, kwani huambiwa kuwa kompyuta yake imepitwa na wakati na kwamba hana budi kununua nyingine.

Katika hali nyingi ushauri huo si sahihi. Kompyuta ni nzima na skrini ni nzima. Kinachokosekana kati yao ni mkalimani.

Chanzo cha tatizo ni tundu dogo lililo nyuma ya kompyuta, kwa kawaida la rangi ya buluu, lenye matundu 15 ya pini katika safu tatu. Tundu hilo huitwa VGA na lilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1987. Kwa Tanzania, mwaka huo una maana ya pekee. Mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta na luninga nchini, na zuio hilo lilikuja kulegezwa kikamilifu miaka ya mwanzo ya 1990. Kwa hiyo kompyuta zilipoanza kuingia kwa wingi katika ofisi za Dar es Salaam, VGA ilikwishakuwa ndiyo njia ya kawaida ya kupeleka picha kwenye skrini, na ikabaki hivyo kwa zaidi ya miaka 20.

VGA hupeleka picha kwa mfumo wa analojia. Rangi nyekundu, kijani na buluu husafirishwa kama umeme unaopanda na kushuka, jambo lililofaa sana skrini za chogo, kwa kuwa nazo zilichora picha kwa namna hiyo hiyo. Skrini bapa hufanya kazi kwa namba. Kila nukta ya kioo chake inahitaji kuambiwa rangi yake kwa hesabu kamili, na ndiyo sababu zikabuniwa njia za kidijitali: DVI mwaka 1999, HDMI mwaka 2002 na DisplayPort mwaka 2006. Mwezi Desemba mwaka 2010, kampuni za Intel, AMD, Dell, Lenovo, Samsung na LG zilitangaza kuwa zitaachana na VGA ifikapo mwaka 2015. Tundu la buluu halikutoweka mara moja, na hadi leo baadhi ya skrini za bei nafuu bado zinalo, lakini nyingine huja na HDMI peke yake.

Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kwenda mbali kulielewa jambo hili. Usiku wa Desemba 31, mwaka 2012, mitambo ya analojia ya matangazo ya luninga ilizimwa jijini humo, na kila mwenye luninga ya chogo akalazimika kutafuta king'amuzi. Luninga haikuwa mbovu. Ilikuwa haielewi lugha mpya ya matangazo. Kwa kompyuta mambo yamegeuka: anayezungumza ndiye anayetumia lugha ya zamani, na anayesikiliza ndiye wa kisasa. Dawa, hata hivyo, ni ile ile.

Kabla ya kununua king'amuzi cha aina hiyo, ni vema kuangalia kwanza nyuma ya skrini. Ikiwa kuna tundu la buluu, waya wa kawaida wa VGA unatosha na hakuna haja ya kifaa kingine. Hapo, kioo kikibaki na maandishi "No Signal", bonyeza vitufe vya skrini yenyewe na kuchagua VGA kama njia ya kupokea picha, kwa kuwa skrini nyingine hubaki zikisubiri picha kupitia HDMI. Vilevile, kama kompyuta ina matundu mawili ya picha, moja karibu na matundu ya kibodi na jingine chini kwenye kadi ya picha iliyoongezwa, waya unapaswa kuingia kwenye kadi hiyo. Mafundi wazoefu huanza na mambo haya mawili kabla ya kushika bisibisi.

Angalia pia kama kompyuta ina tundu jingine. Kompyuta nyingi za ofisi zilizotengenezwa karibu na mwaka 2010, zikiwamo baadhi ya Dell OptiPlex na HP Compaq zinazouzwa kama mitumba, zina VGA pamoja na DisplayPort. Waya wa kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya skrini humaliza tatizo bila kupita kwenye analojia kabisa. Mwenye tundu la DVI, ambalo mara nyingi ni jeupe na pana, naye ana bahati, kwani DVI ya kidijitali na HDMI hutumia lugha moja ya picha na adapta ndogo isiyo na umeme inatosha.

Anayebaki na VGA pekee, huku skrini yake ikiwa na HDMI pekee, ndiye anayehitaji king'amuzi, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Waya mtupu wenye kichwa cha VGA upande mmoja na HDMI upande mwingine, usio na kitu chochote katikati, hauwezi kufanya kazi hiyo hata ukiwa mpya. Kubadili analojia kuwa dijitali kunahitaji chipu, na chipu inahitaji umeme. Kwa sababu hiyo kifaa sahihi huwa na waya mwembamba wa USB wa kuchukua umeme kutoka kwenye kompyuta, na vingi vina tundu la kuingiza sauti, kwa vile VGA haibebi sauti.

Kosa la pili ni la mwelekeo. Madukani vimejaa vifaa vya kutoka HDMI kwenda VGA, ambavyo hununuliwa na wenye kompyuta mpakato wanaotaka kutumia projekta za zamani za mashuleni na kumbi za mikutano. Kwa sura hufanana mno na vile vya kutoka VGA kwenda HDMI, lakini hakuna kati yao kinachofanya kazi ya mwenzake. Mnunuzi anapaswa kumweleza muuzaji kwa maneno yasiyo na utata kwamba kompyuta ni VGA na skrini ni HDMI, kisha asome maandishi yaliyo juu ya kifaa chenyewe. Kuomba tu adapta ya VGA ni kucheza pata potea.

Hali nyingine ni pale picha inapoonekana kompyuta inapowaka, kisha kutoweka Windows inapofunguka. Hiyo ni dalili njema, kwani inathibitisha kuwa waya ni sahihi. Tatizo linakuwa mipangilio iliyobaki tangu enzi za skrini ya chogo, ambayo iliweza kuchora picha mara 75 au 85 kwa sekunde, wakati skrini bapa nyingi za kawaida zinategemea mara 60. Katika Windows XP na Windows 7, bonyeza kitufe cha F8 mara kadhaa kabla ya nembo ya Windows kutokea, kisha chagua kuanza kwa picha ndogo ya VGA. Picha itarudi ikiwa kubwa na ya kuchosha macho, lakini itatosha kumwezesha mtumiaji kushusha kiwango hicho hadi 60.

Linabaki suala la umbo, ambalo kwa wenye stesheneri si la mapambo. Skrini ya chogo ilikuwa na uwiano wa 4 kwa 3, mara nyingi ikiwa na nukta 1,024 kwa 768. Skrini bapa ya kawaida ina uwiano wa 16 kwa 9 na nukta 1,920 kwa 1,080, na kompyuta za enzi za Pentium 4 si zote zinazoweza kutoa picha ya ukubwa huo. Matokeo yake picha ndogo huvutwa kwa upana na kila uso huonekana mnene. Mchapaji anayeamini anachokiona huibana picha ya pasipoti mpaka ionekane sawa kiooni, na printa, ambayo haijui lolote kuhusu skrini, hutoa mteja mwenye uso mwembamba asiyefanana na nafsi yake. Ofisi inayopokea picha hiyo ina kila sababu ya kuikataa. Kama kompyuta haina kipimo kinacholingana na skrini, ni afadhali kutumia menyu ya skrini kuchagua uwiano wa 4 kwa 3 na kuvumilia mistari myeusi pembeni.

Faida ya kuhangaika huku ipo hata kwenye Luku. Skrini ya chogo ya inchi 17 hutumia takriban wati 80, na skrini bapa ya kawaida hutumia kiasi cha wati 20 hadi 25. Kwa kibanda kinachofanya kazi saa 10 kwa siku, hiyo ni zaidi ya nusu uniti kila siku. Skrini ya zamani yenyewe isifunguliwe wala kuvunjwa kwa ajili ya shaba iliyomo, kwani kioo chake kina madini ya risasi, na ndani yake unaweza kubaki umeme mkali hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Lipo jambo moja ambalo skrini mpya haitalitatua. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP Aprili 8, mwaka 2014, na programu ya Chrome iliacha kuhudumia mfumo huo mwaka 2016 na Windows 7 mwaka 2023. Kompyuta yenye mifumo hiyo bado inachapa na kutoa nakala vizuri, lakini kuitegemea wakati wa msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, ambayo hufanyika kwa intaneti, ni kujitafutia lawama za wazazi. Kwa mashine inayotegemewa kwa kazi hiyo, ushauri wa kununua nyingine huwa na mantiki.

Kwa mwenye kazi za kuchapa tu, safari ya Kariakoo ianze na picha mbili za simu, moja ya nyuma ya kompyuta na nyingine ya nyuma ya skrini, zinazoonyesha matundu yote. Mwenye nafasi abebe sanduku lenyewe la kompyuta, liwashwe pale dukani kabla ya fedha kutoka mfukoni.