Je, Star Trek ilizijua simu zetu kabla hazijatengenezwa?



Tangu vijana waanze kuangalia ile tamthilia ya zamani ya Star Trek kwenye kibanda cha video, darasani hapakaliki. Kundi moja linasema eti Wamarekani walikuwa na simu za mkononi zamani sana wakazificha, na tamthilia ndiyo iliyotoboa siri. Kundi lingine linasema hapana, watengenezaji wa simu waliiga tu walichokiona. Ubishi huu si wa kwetu peke yetu. Wapenzi wa Star Trek duniani wanabishana hivyo miaka mingi.

Star Trek ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Ni habari ya chombo cha anga kiitwacho Enterprise, miaka mia mbili na zaidi mbele yetu. Kapteni Kirk anatoa kidude kiunoni, anafunua kifuniko, anaongea na wenzake walio juu angani. Ukikiona leo utasema ni simu ya kufunika kabisa!

Lakini askari walishabeba redio za kuongelea tangu Vita vya Pili vya Dunia, kwa hiyo wazo halikutoka hewani. Simu yenyewe ya mkononi ilipigwa mara ya kwanza tarehe 3 Aprili 1973, mjini New York, na injinia Martin Cooper wa kampuni ya Motorola. Ilikuwa na uzito wa kilo moja na zaidi, na haikuuzwa mpaka 1983. Sasa kama ilikuwa imefichwa tayari, kwa nini watu wahangaike miaka 10? Wengi husema Cooper aliiga Star Trek. Baadaye mwenyewe alieleza kwamba kilichomvutia ni katuni ya Dick Tracy, mpelelezi aliyeongea kwa redio iliyofungwa mkononi kama saa.

Ile milango inayojifungua? Kumbe kulikuwa na watu nyuma ya ukuta wakiivuta. Na milango ya kweli ya namna hiyo ilikuwa imeshaanza kuuzwa Marekani mwaka 1960. Na ile mashine ambayo mtu anasimama, anayeyuka, anatokea kwingine (bila kibali cha kutoka kambini!) ilibuniwa kwa sababu ya pesa. Kuonyesha chombo kikitua kila wiki kungekuwa ghali mno kwa mtengenezaji, Gene Roddenberry. Hakuna siri hapo, ni ukata tu.

Jambo moja lituguse sisi wa Kiswahili. Yule dada anayeshughulikia mawasiliano anaitwa Uhura, na jina hilo limetoka kwenye neno letu uhuru. Aliyeigiza ni Nichelle Nichols, na mwaka 1977 shirika la anga la NASA lilimtumia kuwavuta wanawake na watu weusi waombe kazi ya kwenda angani.

Lakini kifaa ninachotaka tukiangalie vizuri ni mashine ya kutafsiri lugha zote. Wapenzi wengine wana nadharia kwamba inasoma ubongo, na kweli katika sehemu moja ya 1967 Kirk anaieleza karibu hivyo. Vijana wetu wakishika simu yenye programu ya kutafsiri wanadhani ndiyo hiyo hiyo. Siyo. Programu ya simu hujifunza kutokana na maandishi mengi mno ya watu. Lugha isiyo na maandishi mengi inachelewa: Google ilikuwa na Kiswahili zamani, Kinyarwanda kikaingia 2020, Lingala 2022.

Na hata Kiswahili kina mitego. Mama akisema, "Alikuwa na miaka saba tulipokimbia," Kiswahili hakisemi ni mvulana au msichana. Kiingereza lazima kichague, basi mashine inakisia, na binti anaweza kuandikwa mvulana. Ukisema ndugu yako, ni wa tumbo moja, mtoto wa shangazi, au mtu wa ukoo? Baba mdogo anaweza kugeuka baba mwenye mwili mdogo. Kwa kusalimiana sokoni haina neno, tutacheka. Kwenye karatasi ya familia, mtu mmoja akiandikwa vibaya, kumrekebisha ni safari ya miezi.

Watunzi wa Star Trek wenyewe waliliona hili. Mwaka 1991 walitoa sehemu iitwayo Darmok. Kapteni Picard anakutana na watu ambao mashine inatafsiri kila neno lao, lakini hakuna anachoelewa, maana wao huongea kwa kutaja hadithi zao za kale. Ni kama mgeni asikie methali zetu bila kujua kisa. Kwangu mimi ndiyo sehemu bora kuliko zote, ingawa vijana wanapenda zaidi zile za kupigana.

Kwa hiyo wazazi, kwenye mahojiano msimpe mtoto simu awatafsirie. Ombeni mkalimani, na kama hamwelewani naye semeni palepale, kabla hamjatia sahihi. Semeni "kaka wa baba yangu" badala ya "baba mdogo", na kila mtoto mtajeni: wa kike au wa kiume.

Darmok tutaionyesha darasani Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri, kama betri ya sola itakubali. Nitakuwa naisimamisha nikieleza. Wazee mje pia, mtawaelewa wale watu haraka kuliko vijana.