NCHI JIRANI: Utabiri wa Simu na Usalama wa Wavuvi wa Ziwa Victoria

Jua linapokuchwa katika mialo ya Homa Bay na Mbita nchini Kenya, na katika visiwa vya Ssese nchini Uganda, wavuvi hukabiliwa na swali lile lile lililowakabili babu zao: waingie ziwani usiku huo au wabaki nchi kavu? Zamani swali hilo lilijibiwa kwa kutazama mawingu, kusikiliza upepo na kuuliza wazee. Siku hizi mwenye simu janja huitoa mfukoni, akagusa kioo, akaona picha ya wingu dogo na tarakimu pembeni yake. Picha hiyo ikimpendeza, huwasha mashine ya mtumbwi na kwenda.

Jambo hilo si dogo. Ziwa Victoria lina eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, na limegawanyika baina ya Tanzania, Uganda na Kenya. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara na Shirika la Hali ya Hewa Duniani ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hupoteza maisha katika ziwa hilo kila mwaka, na dhoruba ni miongoni mwa sababu kubwa. Kwa hiyo kuuliza ni programu ipi ya simu inayosema kweli, ni ipi yenye gharama nafuu, na ni ipi yenye manufaa zaidi, si swali la anasa. Kwa mvuvi wa omena wa Kisumu au wa mukene wa Kalangala, ndugu wa mvuvi wa dagaa wa Mwanza, hilo ni swali la uhai.

Kwanza yafaa kufahamu utabiri huo unatoka wapi. Mtu anayefungua programu tano huweza kudhani amewauliza wataalamu watano. Sivyo. Hesabu kubwa za hali ya hewa ya dunia nzima hufanywa na vituo vichache sana vyenye kompyuta za nguvu kubwa. Kimojawapo ni Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Muda wa Kati, kilichoundwa mwaka 1975, chenye makao yake Reading, Uingereza. Kingine ni idara ya serikali ya Marekani, ambayo hutoa matokeo ya hesabu zake bure kwa kila mtu. Ujerumani nayo ina hesabu zake. Programu nyingi za simu huchota katika visima hivyo hivyo, zikachanganya maji kwa namna zao na kuyatia katika vyombo vya rangi mbalimbali. Ndiyo sababu programu mbili huweza kukubaliana na zote mbili zikakosea.

Kompyuta hizo huigawanya dunia katika miraba. Hesabu za Ulaya hutumia miraba yenye upana wa kilometa zipatazo 9, na zile za Marekani kilometa zipatazo 13. Wingu la radi linaloweza kupindua mtumbwi mara nyingi ni dogo kuliko mraba mmoja. Hivyo kompyuta haiwezi kuliona wingu lenyewe. Hukadiria tu kwamba katika eneo fulani hali inafaa mawingu ya namna hiyo kutokea. Programu ya simu huyachukua makadirio hayo ikayageuza kuwa picha moja ya jua, wingu au radi. Mtazamaji hupewa hakika ambayo aliyepiga hesabu hakuwa nayo.

Tabia ya ziwa lenyewe huzidisha ugumu. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea pwani. Mawingu hujikusanya juu ya vilima na mashamba, na mvua hunyesha alasiri. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, pepo hutoka pande zote za pwani zikaelekea majini, na zinapokutana katikati ya ziwa, juu ya maji yaliyohifadhi joto la mchana, hewa hulazimika kupanda na dhoruba huzaliwa. Kwa hiyo dhoruba nyingi za ziwani hutokea usiku wa manane na alfajiri, saa zile zile ambazo mvuvi yuko mbali na mwalo akiwa na taa zake. Aliyeangalia utabiri wa mji wa Kisumu au Entebbe, akaona kwamba usiku hakuna mvua, huenda ameambiwa kweli kuhusu mji. Lakini yeye haendi mjini.

Katika nchi za Ulaya programu hizi zimejijengea sifa nzuri, na sifa hiyo imesafiri nazo hadi Afrika. Lakini hali ya hewa ya kule hutawaliwa zaidi na mifumo mikubwa ya hewa yenye upana wa mamia ya kilometa, ambayo huweza kuonekana siku kadhaa kabla. Katika ukanda wa Ikweta mvua nyingi hutokana na mawingu yanayozaliwa, kukua na kufa kwa muda wa saa chache. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu Sahel na nchi za Ghuba ya Guinea ulionyesha kwamba utabiri wa mvua wa hesabu za dunia nzima, ukichukuliwa kama ulivyo, haukuwa bora kuliko kutazama tu wastani wa miaka iliyopita kwa tarehe hiyo. Afrika Mashariki si Sahel, lakini onyo hilo halina budi kusikika. Programu inayotabiri vizuri joto la kesho haithibitishi kwa hilo kwamba itatabiri vizuri radi ya usiku wa leo.

Tarakimu za asilimia nazo huwapotosha wengi. Programu ikisema uwezekano wa mvua ni asilimia 30, maana yake si kwamba mvua itanyesha kidogo, wala kwamba itanyesha katika theluthi moja ya siku. Maana yake ni kwamba, zikichukuliwa siku 10 zenye utabiri kama huo, katika siku 3 mvua hunyesha mahali hapo. Wala tarakimu hiyo haisemi lolote kuhusu nguvu ya upepo utakaoandamana na mvua hiyo. Kwa mama anayeanika mahindi, asilimia 30 ni hatari anayoweza kuivumilia. Zikinyeshewa punje, ataanika tena. Kwa watu wanne katika mtumbwi ulio kilometa nyingi kutoka nchi kavu, tarakimu ile ile ina uzito mwingine kabisa. Simu haijui nani anayeitazama. Ni mtumiaji mwenyewe anayepaswa kupima kosa litamgharimu nini.

Kwa upande wa gharama, programu hizo ni za aina tatu. Ya kwanza ni zile za makampuni ya biashara, kama AccuWeather ya Marekani, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1962. Hizo hutolewa bure zikiwa na matangazo ya biashara, na asiyeyataka matangazo hulipa ada. Ya pili ni kama Windy, iliyoanzishwa katika Jamhuri ya Czech mwaka 2014, ambayo hutoa mengi bila malipo na kutoza ada ya mwaka kwa anayetaka maelezo ya kina zaidi. Ya tatu ni zile zinazogharimiwa na umma. Mfano wake ni Yr, iliyoanza mwaka 2007, ambayo ni kazi ya Taasisi ya Hali ya Hewa ya Norwei pamoja na shirika la utangazaji la nchi hiyo. Hiyo haina ada wala matangazo, kwa kuwa mlipa kodi wa Norwei amekwisha kuilipia. Kwa maeneo ya mbali na Ulaya ya Kaskazini, hutegemea hesabu za kituo cha Ulaya.

Lakini neno «bure» lina mipaka yake. Kila picha ya matangazo na kila ramani inayosogea hula kifurushi cha intaneti cha mtumiaji, na mvuvi hukilipia kutoka katika mauzo ya samaki. Aidha, anayelipa ada asidhani amenunua ukweli mkubwa zaidi. Mara nyingi anachonunua ni maelezo ya saa kwa saa badala ya saa tatu kwa tatu, siku nyingi zaidi mbele, au kioo kisicho na matangazo. Utabiri wa siku ya kumi na nne, kwa dhoruba ya ziwani, hauna thamani hata ukilipiwa dhahabu.

Basi ni mambo gani katika programu hizo yenye manufaa ya kweli? La kwanza ni kuonyesha upepo, na si mvua peke yake. La pili ni kumwezesha mtumiaji kuchagua mahali penyewe majini badala ya jina la mji. La tatu ni kuweka hesabu za vituo mbalimbali pamoja, jambo linalopatikana katika Windy: zinapotofautiana sana, hiyo yenyewe ni habari, kwani huonyesha kwamba hakuna mwenye hakika. La nne, na huenda ndilo kubwa kuliko yote, ni picha za satelaiti. Picha si utabiri. Ni ushahidi wa mawingu yaliyopo sasa. Tarehe 13 Desemba, 2022 Ulaya ilirusha satelaiti ya kwanza ya kizazi kipya cha Meteosat, inayoipiga picha Afrika nzima kila baada ya dakika 10, na yenye chombo cha kuona miale ya radi. Uchunguzi kuhusu Ziwa Victoria umeonyesha kwamba wingi wa dhoruba juu ya nchi kavu wakati wa alasiri ni dalili muhimu ya dhoruba za ziwani usiku unaofuata. Mvuvi anayetazama picha hizo saa kumi na moja jioni hupata habari nzuri kuliko ile ya kijipicha cha wingu alichokiona asubuhi.

Liko pia suala la kutegemea chombo cha mwingine. Programu ya Marekani iitwayo Dark Sky ilisifiwa kwa kutabiri mvua ya dakika chache zijazo. Mwezi Machi mwaka 2020 kampuni ya Apple iliinunua. Mwaka huo huo iliondolewa katika simu za Android, na mwanzoni mwa mwaka 2023 ikafungwa kabisa. Wenye mali walikuwa na haki yao. Lakini usalama wa wananchi hauwezi kuwekwa rehani kwa uamuzi wa kibiashara unaofanywa ng'ambo.

Nchi jirani zimelitambua jambo hili. Mwaka 2011 Uganda ilianza majaribio katika wilaya ya Kalangala ya kuwapelekea wavuvi maonyo ya hali ya hewa kwa ujumbe mfupi wa simu, kwa alama za rangi, ili mwenye simu ya kawaida naye asiachwe nyuma. Baadaye, kuanzia mwaka 2017, idara za hali ya hewa za Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zilishirikiana katika mradi ulioongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa msaada wa Uingereza, kwa lengo la kuboresha utabiri na maonyo kwa watu wa ziwa hilo. Utabiri wa namna hiyo hutayarishwa na mtu anayelijua ziwa, anayetazama hesabu za kompyuta pamoja na picha za satelaiti na vipimo vya vituo, kisha husambazwa kwa redio na simu katika lugha wanazozielewa wavuvi.

Ushirikiano huo una historia. Hadi mwaka 1977 Afrika Mashariki ilikuwa na idara moja ya hali ya hewa, yenye makao yake Nairobi. Jumuiya ilipovunjika mwaka huo, kila nchi ilibaki na vyombo vyake na ikaanza upya peke yake. Dhoruba haikuvunja jumuiya yake. Iliendelea kuzaliwa upande mmoja wa ziwa na kuua upande mwingine, bila kuuliza pasipoti. Ziwa ni moja, na kipimo cha upepo kinachochukuliwa Entebbe kina faida kwa Musoma na Kisumu. Programu za nje nazo hunufaika, kwani hesabu zote za dunia huanza na vipimo vilivyochukuliwa mahali fulani na mtu fulani. Pasipo vituo vya kutosha ardhini, kompyuta kubwa kuliko zote hukisia.

Haina maana kwamba wavuvi wazitupe simu zao. Programu hizi ni msaada mkubwa, na mara nyingi ni afadhali kuwa nazo kuliko kuzikosa. Lakini zitumike kwa mpango: onyo la idara ya hali ya hewa ya nchi litangulie, picha ya satelaiti ya jioni ifuate, upepo wa mahali penyewe utazamwe katika hesabu zaidi ya moja, na macho ya mzee aliyezeeka majini yasidharauliwe. Zikipingana, mwenye mtumbwi achague ile inayomrudisha nyumbani. Serikali za nchi jirani nazo zina wajibu wa kuongeza vituo na rada, na kuhakikisha kwamba onyo linafika mwaloni kabla ya jua kuchwa.

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Simu imeongeza njia za kuyaona mawingu hayo, lakini uamuzi wa kusukuma mtumbwi majini bado ni wa binadamu. Samaki wa leo akikosekana, yupo wa kesho. Baba wa watoto akizama, hana wa kumrudisha.