Sufuria ya Shaba: Uliza Kabla Hujapika

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, na nusura nimtie mdogo wangu mashakani. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Reli ilipofika Nakuru mwaka wa 1900, wafanyabiashara wa Kihindi waliifuata wakafungua maduka, nao walikuja na vyombo vyao vya kupikia. Mama yangu alipika katika nyumba ya Wahindi mjini kwa miaka tisa. Jamaa hao walipohamia Uingereza, yule mama mwenye nyumba alimwachia sufuria kubwa ya shaba, nzito ajabu. Tulipoileta hapa Lanet majirani walikuja kuitazama.

Siku moja mama alikuwa matangani. Nikapikia maharagwe ndani yake, nikatia nyanya nyingi na ndimu, halafu nikayaacha humo usiku kucha. Asubuhi tulikula. Yalikuwa na ladha kama ya kulamba sarafu. Haukupita muda, sote wawili tukaanza kutapika, na mdogo wangu akapelekwa zahanati. Mama aliporudi alimpigia simu yule mama. Aliulizwa swali moja tu: "Ndani ni nyeupe au ni ya njano?" Ilikuwa ya njano. Kumbe hapo ndipo penye siri.

Vyombo vya Kihindi vya namna hii ni vya aina tatu. Kuna vya shaba nyekundu tupu. Kuna vya njano, vinavyoitwa pital, ambavyo ni shaba iliyochanganywa na zinki. Tena kuna kansa (si ule ugonjwa, jamani!), ambayo ni shaba kama sehemu 78 na bati sehemu 22 katika kila mia. Kansa ukiigonga hulia kwa muda mrefu kama kengele, maana kengele nazo hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na bati. Lakini ukiiangusha inaweza kupasuka.

Vitu vichachu kama ndimu, ukwaju, nyanya na maziwa lala huila shaba. Shaba hiyo huingia katika chakula, na ikizidi hutapisha. Kansa huvumilia uchachu zaidi, lakini shaba nyekundu na pital lazima zipakwe bati kwa ndani. Kazi hiyo Wahindi huiita kalai. Msiichanganye na karai letu la kukaangia! Na bati hili si mabati ya nyumba, kwani yale ni chuma kilichopakwa zinki.

Fundi wa kalai husugua chombo mpaka king'are, akakipasha moto juu ya makaa, akanyunyiza unga wa chumvi iitwayo nausadar ili uchafu utoke. Kisha hugusisha kipande cha bati. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 tu za selsiasi, basi hulisambaza upesi kwa pamba, na ndani ya chombo hugeuka kuwa nyeupe kama fedha.

Kwa hivyo, ukipewa chombo kama hiki, kumbuka haya:
1. Chungulia ndani. Kama weupe umeisha, usipikie mpaka kipakwe tena.
2. Usikiweke motoni kikiwa kitupu, bati litayeyuka.
3. Tumia mwiko wa mti, na usikisugue ndani kwa mchanga wala kwa waya.
4. Chakula kikiiva, kipakue. Usikilaze humo.
5. Ukiona kutu ya kijani, usikitumie.

Hata neno "sufuria" lina asili ya Kiarabu, nalo limetokana na jina la shaba. Zetu za siku hizi ni za alumini, jina tu ndilo lililobaki.

Mdogo wangu alipona. Juzi mnunuzi wa skrepu alipita akataka kuipima sufuria kwa kilo. Nilidhani mama angeiuza kwa hasira. Alimjibu, "Hii ni miaka yangu tisa, haiingii kwenye mizani yako." Sasa tunahifadhia maharagwe makavu, huku tukiweka akiba ya kumlipa fundi. Ikishapakwa nitapika tena, lakini safari hii nitauliza kwanza.